Karata, Kalagu na Kamongo: Wanyama wa Maji ya Simiyu katika Historia ya Mchezo na Elimu

Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza, na ambao makao makuu yake ni Bariadi, hutajwa mara nyingi kwa pamba, kwa ng'ombe na kwa nyanda kavu zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na ni nadra kutajwa kwa viumbe vya majini. Hata hivyo mkoa wenyewe umepewa jina la mto. Kati ya wilaya zake za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, ni Busega peke yake inayogusa Ziwa Victoria, katika mkono wa ziwa unaoitwa Ghuba ya Speke kwa kumbukumbu ya Mwingereza John Hanning Speke aliyeliona ziwa hilo mwaka 1858. Lakini mito ya msimu, mabwawa yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo ambayo wenyeji huyaita malambo, na majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta ya kuzuia maji, huwafikisha samaki, vyura, konokono na kenge mbali sana na ufuko. Kwa hiyo elimu ya wanyama wa majini katika nchi hii haikuwa ya wavuvi peke yao, bali ilikuwa pia ya wachungaji, ya wakulima wa mpunga na ya watoto waliotumwa mtoni.

Historia ya elimu hiyo ina sura mbili ambazo kwa kawaida huandikwa mbalimbali. Ya kwanza ni ya michezo ya maneno na ya mikono ambayo kwayo jina la mnyama lilihifadhiwa pamoja na tabia zake. Ya pili ni ya karata, kipande cha karatasi ngumu kilichofika Afrika Mashariki kwa njia ya bahari na ambacho katika miaka ya karibuni kimegeuzwa kuwa chombo cha kufundishia majina ya viumbe. Zikisomwa pamoja, sura hizo zinaonyesha kwamba mchezo wa kadi unaofundisha wanyama wa majini, ingawa una sura ya mambo ya leo, unafanya kazi ambayo Usukuma, yaani nchi ya Wasukuma ambamo mkoa huu umo, uliijua zamani, na kwamba katika maji ya Simiyu kazi hiyo imechelewa, kwa sababu baadhi ya wanyama walitoweka kabla majina yao hayajaandikwa.

Kabla ya shule, somo la viumbe lilifundishwa jioni kwa kalagu, neno la Kisukuma lenye maana ya kitendawili. Mtegaji husema "Kalagu", wasikilizaji huitikia "Kize", kama vile Mswahili wa pwani anavyoambiwa "Tega" baada ya kutangaza kitendawili chake, kisha hutolewa sifa za kitu bila jina lake, na mwenye kujua hulitaja. Umbo hili linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa maana ndilo umbo la kadi ya kufundishia lililotangulia kadi yenyewe: upande mmoja kuna sifa, yaani makazi, chakula, mwendo na silaha za mnyama, na upande wa pili kuna jina, na mchezaji hushinda kwa kuunganisha pande hizo mbili. Pamoja na kalagu ulikuwapo mchezo wa isolo, ambao ni aina ya bao ya Wasukuma, unaochezwa kwa kete juu ya ubao au katika vishimo vilivyochimbwa ardhini. Huo haukufundisha majina, lakini ulifundisha kuhesabu, kukumbuka na kukisia hatua za mwenzako, na mchezo wowote wa kadi wenye maana hauwezi kusimama bila stadi hizo.

Mengine yalifundishwa kwa mikono. Mtoto aliyefuatana na wakubwa kutega mgono, yaani mtego wa fito uliosukwa wenye mdomo unaoruhusu samaki kuingia na kumzuia kutoka, alijifunza kwamba kambare, ambaye wengi kandokando ya ziwa humwita mumi, hustahimili maji machafu ya jaruba kwa sababu ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua yake, na kwamba usiku wa mvua anaweza kujikokota juu ya majani mabichi kutoka dimbwi moja hadi jingine. Alijifunza kwamba gogogo hupaswa kushikwa kwa tahadhari kwa ajili ya miiba yake, na kwamba jina lake linafanana na mlio anaoutoa akitolewa majini.

Wa ajabu kuliko wote ni kamongo, samaki mrefu mwenye mapezi mfano wa kamba, ambaye ana mapafu na hulazimika kupanda juu ya maji ili avute hewa. Maji yanapokauka hujichimbia katika tope na kulala humo hadi mvua irudi, na kwa hiyo katika nchi ya mito ya msimu yeye ni samaki anayeweza kupatikana kwa jembe. Jina lake lilivuka bahari mapema: mwaka 1932 mwanafiziolojia wa Marekani Homer W. Smith, ambaye alichunguza jinsi mwili wa samaki huyo unavyoishi bila maji na bila chakula, alichapisha kitabu alichokiita *Kamongo*, na wasomaji wa Kiingereza wakalijua neno ambalo watoto wa kando ya Ziwa Victoria walikuwa wakilitumia siku zote. Katika nasaba ya viumbe, kamongo yuko karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu kuliko alivyo sangara, na ndugu yake mwingine wa mbali ni silikanti wa bahari kuu, samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka pamoja na dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye tangu mwaka 2003 amekuwa akinaswa katika nyavu za wavuvi wa Tanzania, kiasi kwamba mwaka 2009 eneo la bahari la Tanga lilitengwa kuwa hifadhi kwa ajili yake.

Habari za ningu ni za huzuni zaidi. Samaki huyu aliishi ziwani lakini hakuzaa humo. Mvua kubwa ziliposhuka na mito ikafurika, makundi yake yalipanda mtoni kwenda kutaga katika maji yaliyotanda juu ya majani, kisha yeye na watoto wake wakarudi ziwani maji yalipopungua. Mto Simiyu, ambao huanzia upande wa Serengeti, hupokea maji ya Mto Duma, na kuingia katika Ghuba ya Speke katika Wilaya ya Magu, ni mto wa aina hiyo hasa: wakati wa masika hujaa, na wakati wa kiangazi hubaki mchanga na madimbwi. Nyavu za kisasa za makila, yaani za kumnasa samaki kwenye matamvua, zilipoenea katika Ziwa Victoria kuanzia mwaka 1905, zikitandwa hata kwenye midomo ya mito wakati samaki wakipanda wakiwa na mayai, uvuvi wa ningu uliporomoka karibu na katikati ya karne ya 20. Kwa maneno mengine, mnyama mmoja wa maji ya Simiyu alikuwa amekwisha kuadimika wakati shule nyingi za mkoa huu hazijajengwa.

Karata ilifika kwa njia nyingine kabisa. Wareno waliofika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na Vasco da Gama mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593 na kuipoteza kwa Waomani mwaka 1698, waliacha katika Kiswahili maneno ya vitu vya nyumbani na vya baharini, kama vile meza, leso, mvinyo na bendera, na kati ya maneno hayo likabaki karata, kutokana na *carta* la Kireno. Hata aina nne za karata zilibeba majina ya wageni hao: kopa, uru, shupaza na pau, ambayo kwa Kireno ni vikombe, dhahabu, panga na marungu, ingawa Mswahili aliyeyatumia hakuviona vikombe wala marungu bali alama nyekundu na nyeusi tu. Picha za wafalme na wenzao ziliitwa wazungu, mfalme akawa mzungu wa nne. Ni jambo la kuzingatia kwamba kwa karne nyingi mchezaji wa Kiswahili ameshika mkononi picha za watu wa mbali kwa majina ya watu wa mbali, na ameyazoea kiasi cha kuyaona kuwa yake. Baadaye Kiingereza kilileta tena neno lilelile kwa umbo la kadi, na lugha ikagawa kazi: karata ikabaki ya mchezo, na kadi ikawa ya chama, ya kliniki na ya shule. Mgawanyo huo haukuwa wa bahati tu, kwani viongozi wa dini, wa Kiislamu na wa Kikristo vilevile, waliihesabu karata kuwa jirani wa kamari, na mwalimu aliyemkuta mwanafunzi nayo aliichukua.

Neno hilohilo la Kireno lilikuwa na safari nyingine upande wa mashariki. Wareno walipofika Japani mwaka 1543 walichukua karata zao, na Wajapani wakaziita *karuta*. Baadaye wakabuni karata zao wenyewe, zikiwa na maua ya miezi na mashairi, na mwaka 1889 mjini Kyoto ilianzishwa kampuni ya kutengeneza karata za maua iitwayo Nintendo. Kampuni hiyo, iliyokuja kugeukia michezo ya kompyuta, ndiyo iliyouza tangu mwaka 1996 mchezo wa Pokémon, ambao mbunifu wake, Satoshi Tajiri, aliukuza kutokana na mazoea yake ya utotoni ya kukusanya wadudu, na ambao mwaka huohuo ulitolewa pia kwa umbo la kadi. Kati ya viumbe vya kubuni vya mchezo huo kuna wengi wa majini walioigwa kutoka kwa wanyama wa kweli, wakiwamo viluwiluwi na kambare, na mmoja, aitwaye Relicanth, ameigwa kutoka kwa silikanti. Hivyo karata na *karuta*, maneno mawili ya mama mmoja, yalikutana tena baada ya zaidi ya miaka 400 juu ya mgongo wa samaki anayeishi Tanga, ingawa mtoto wa Kijapani anayemiliki kadi hiyo na mtoto wa Tanga anayemwona mnyama mwenyewe hawajui kwamba wanashirikiana kitu.

Wanasayansi wa hifadhi waliona maana ya jambo hili mapema. Mwaka 2002 Andrew Balmford wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walichapisha katika jarida la *Science* matokeo ya kuwapima watoto wa Uingereza kwa kadi za picha: mtoto wa miaka 8 aliweza kutaja karibu asilimia 80 ya viumbe vya Pokémon alivyoonyeshwa, na zaidi kidogo tu ya nusu ya wanyama na mimea ya kawaida ya nchi yake. Waandishi hao hawakuwalaumu watoto. Walisema kwamba uwezo wa mtoto wa kujifunza viumbe ni mkubwa mno, na kwamba watunzaji wa mazingira wameshindwa kuutumia. Kutokana na hoja hiyo David Ng wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alianzisha mwaka 2010 mchezo wa kadi uitwao Phylo, ambao kila kadi yake huonyesha kiumbe halisi, ukubwa wake, makazi yake, hali ya hewa anayoihitaji na nafasi yake katika mnyororo wa chakula, yaani nani humla nani. Mchezaji hujenga mfumo wa ikolojia mezani kwa kupanga kadi zinazoweza kuishi pamoja, na mpinzani wake huweza kuuvunja kwa kadi za maafa, kama vile moto au uchafuzi.

Katika Ziwa Victoria mchezo huo ulikwisha kuchezwa kwa uhalisi wake wote, na kadi ya maafa ilikuwa sangara. Ili kuelewa hasara iliyotokea ni lazima kueleza kwanza maana ya furu. Hili ni jina la jumla la samaki wadogo ambao ukubwa wao kwa kawaida haufiki urefu wa kiganja, na ambao ziwani humo walikuwa zaidi ya spishi 500, karibu zote zikiwa hazipatikani mahali pengine duniani. Wanajiolojia wanaonyesha kwamba ziwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, na kwa hiyo wingi huo ulichipuka kwa muda ambao kwa hesabu za viumbe ni mfupi sana. Furu waligawana kazi kama watu wa mji: wapo waliokwangua mwani kwenye mawe, waliovunja konokono kwa mataya, waliokula dagaa, waliokula kaa, waliobandua magamba ya wenzao, na hata waliopora mayai na watoto ambao majike wa furu wengine huwaatamia kinywani. Furu mmoja wa miambani, ambaye dume lake lina rangi nyekundu na manjano, aliitwa na watafiti mwaka 1985 kwa jina la Rais Julius Nyerere, na jenasi yake, yaani ukoo wake wa kisayansi, ikapewa baadaye jina la Kiswahili, *Pundamilia*, kwa ajili ya milia ya ubavuni.

Sangara, samaki mla samaki anayeweza kupita urefu wa mita moja na nusu, aliletwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kuongeza kitoweo na kipato, ingawa mtaalamu Geoffrey Fryer alikuwa ameandika mwaka 1960 akionya juu ya hatari yake. Katika Ghuba ya Mwanza alivimba ghafla katika miaka ya 1980, mbele ya macho ya kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, na wenzao wa Tanzania, waliokuwa wameanza kuwachunguza furu mwaka 1977 na ambao kati yao Frans Witte ndiye aliyedumu katika kazi hiyo kwa muda mrefu. Nyavu zao, zilizokuwa zikijaa furu wa kila namna, zilianza kutoka na sangara na dagaa, na inakadiriwa kwamba kiasi cha spishi 200 zilitoweka au kukaribia kutoweka, baadhi yao zikiwa hazijapewa jina la kisayansi. Ngege, aliyekuwa samaki wa biashara kabla ya sato kuletwa, naye karibu aishe ziwani, akabaki katika maziwa madogo na mabwawa ya pembeni. Haki inataka isemwe pia kwamba sangara alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni, na kwamba tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wameonekana tena. Lakini hesabu ya waliopotea haibadilishwi na hayo.

Simiyu haikuwa mtazamaji katika habari hii. Udongo na mbolea vinavyoteremshwa na mito kutoka mashamba yasiyo na kinga huyatia maji ya ghuba tope na mwani, na watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba katika maji yaliyochafuka jike la furu hushindwa kutofautisha rangi za madume, akachanganya uzao, na spishi mbili zikayeyuka kuwa moja. Mkulima wa Itilima anayelima kuelekea mtoni anagusa hivyo ndoa ya samaki ambaye hajapata kumwona. Uhusiano mwingine ni wa afya: konokono wa malambo na majaruba hubeba vimelea vya kichocho, na kamongo pamoja na baadhi ya furu ni walaji wa konokono. Malambo mengi ya Usukuma yalichimbwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma kati ya mwaka 1947 na 1956, na majaribio ya kwanza ya ufugaji wa samaki nchini, yaliyoanza mwaka 1949, yalifanyika Korogwe na Malya, mji ulio jirani ya Maswa. Kwa hiyo samaki na lambo viliingia katika mipango ya serikali kwa wakati mmoja, na konokono akafuata bila kualikwa.

Shule haikuufikisha ujuzi huu darasani ipasavyo. Nassa, katika Busega ya leo, ilipata misheni ya Kianglikana mwishoni mwa karne ya 19, nayo ikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Huko kusoma kulianza kwa maandiko matakatifu, si kwa samaki wa ufukoni. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilileta jembe na bwawa shuleni, na Klabu za Malihai, zilizoanzishwa mwaka 1980, zilifundisha uhifadhi, lakini kwa sehemu kubwa macho yalielekezwa kwa tembo na simba. Kadi zenyewe zilirudi kwa heshima mpya wakati wa msisitizo wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambapo walimu wa madarasa ya awali, wakiwamo wa Simiyu iliyokuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa elimu wa EQUIP-Tanzania ulioanza mwaka 2014, walihimizwa kutengeneza zana zao kwa vitu vinavyopatikana: karatasi ya manila, kalamu ya rangi na mkasi. Karata iliyonyang'anywa na mwalimu wa zamani ikawa kadi inayokatwa na mwalimu wa sasa. Kilichokosekana ni picha za maji ya mahali hapo, maana samaki wa kadi za herufi mara nyingi ni samaki tu, asiye na jina lake.

Vifaa vya kuziba pengo hilo vipo. Mkoa ambao vijana wake wa Maswa wametengeneza chaki zinazotumika madarasani hauwezi kushindwa kuchapa kadi 40 za ningu, ngege, furu, kamongo, kambare, gogogo, mamba, kiboko, kenge, fisimaji na konokono, zikiwa na kadi za maafa za sangara, tope na nyavu za macho madogo. Kigumu ni majina. Samaki mmoja huitwa vingine na Msukuma, vingine na Mjaluo na vingine na Mkerewe, na vitabu vya shule hupenda jina la nne. Wanaoyajua yale ya zamani ni watu waliopanda mtoni na migono wakati ningu bado akipanda, na umri wao ni mkubwa. Walimu wa Busega, Bariadi na Maswa, pamoja na maofisa uvuvi wa wilaya, wanaombwa wawatume wanafunzi kwa wazee hao msimu huu wa mvua, wakiwa na vipande vya manila mkononi, na kila jina watakaloambiwa waliandike kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, pamoja na mahali mnyama huyo alipoonekana kwa mara ya mwisho.